Begi Linaloongea: Kutoka Nu-Earth hadi Kariokor

Kuna katuni moja ya Uingereza ambamo begi la askari linaongea. Si uchawi. Begi lina jina, Bagman, na kabla ya kuwa begi alikuwa mtu, mwanajeshi aliyeuawa vitani. Mwenzake mwingine sasa anaishi ndani ya bunduki na anaitwa Gunnar. Wa tatu yuko ndani ya helmeti, anaitwa Helm. Anayewabeba wote ni rafiki yao Rogue, jamaa wa ngozi ya buluu anayetembea kwenye sayari ambayo hewa yake imeharibiwa na vita hadi binadamu wa kawaida akivuta tu pumzi moja, kwisha.

Katuni hiyo ni Rogue Trooper. Ilianza Septemba 1981 katika jarida la 2000 AD, mwandishi akiwa Gerry Finley-Day na mchoraji Dave Gibbons, yule yule ambaye baadaye alichora Watchmen. Sayari inaitwa Nu-Earth. Pande mbili, Norts na Southers, zinapigana hapo. Southers wametengeneza maabara askari wa kipekee, wanaoweza kuvuta hiyo sumu bila kinyago. Kila mmoja ana chipu inayohifadhi akili yake. Akiuawa, mwenzake ana sekunde 60 kuing'oa na kuichomeka kwenye kifaa. Akichelewa, ndiyo basi. Akiwahi, marehemu anakaa ndani ya begi au bunduki akingoja siku jeshi litakapomtengenezea mwili mpya ili arudi kupigana tena.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Kwenye Nu-Earth, kufa hakukupi likizo. Wewe ni mali ya jeshi ukiwa hai, na ukifa unabaki mali ya jeshi, tofauti ni kwamba sasa una mikanda ya kubebea.

Toleo langu la kwanza nililipata Thika, kwa mzee anayeuza vitabu vya mtumba, likiwa limekunjwa katikati ya vitabu vya masomo vya zamani. Halikuwa na jalada. Nililisoma kwenye matatu hadi Ruiru na nikapitisha steji yangu. Kilichonikamata hakikuwa bunduki, maana bunduki ziko kwenye kila filamu. Ni vile hawa wasee watatu waliokufa walivyokuwa wakibishana, wakitaniana, wakimkumbusha Rogue mambo ambayo angependa kusahau. Hawezi kuwaweka chini. Akiwaweka chini, wamekufa kabisa.

Katuni za vita kabla ya hapo, nyingi zilikuwa za kushangilia. Mzungu mwenye kidevu kipana anaruka kutoka mtaroni, adui anaanguka, hadithi inaisha. Mabadiliko yalikuja miaka ya sabini. Mwaka 1979 Pat Mills na Joe Colquhoun walianza Charley's War, kuhusu kijana wa miaka 16 aliyedanganya umri wake ili aingie Vita vya Kwanza vya Dunia. Na mbali kabisa, Argentina, Héctor Germán Oesterheld na mchoraji Francisco Solano López walikuwa tayari wamechora El Eternauta kati ya 1957 na 1959. Theluji ya sumu inaanguka juu ya Buenos Aires, na watu wa kawaida, wale waliokuwa wakicheza karata mezani, wanajishonea mavazi ya kujikinga na kutoka nje. Labda umeona toleo la Netflix la 2025. Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba serikali ya kijeshi ilimteka Oesterheld mwaka 1977. Hakurudi. Mabinti zake wanne pia walipotezwa. Aliandika kuhusu baba anayetafuta familia yake, halafu nchi yake ikamfuta yeye pamoja na watoto wake.

Kwa hivyo mtu akiniambia hizi ni hadithi za watoto, huwa namwangalia tu.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka huohuo wa 1981, runinga ya Uingereza ilionyesha tamthilia ya The Flame Trees of Thika, Hayley Mills akiigiza. Ilitoka kwenye kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, kumbukumbu za utoto wake kwenye shamba la wazazi wake hapa Thika. Fikiria hilo: mwaka mmoja, nchi moja. Kwenye jarida la watoto la bei ya chini kuna askari anayebeba wafu wake mgongoni. Kwenye runinga kuna Thika ya maua na machweo. Na mimi nasema picha iliyo karibu zaidi na historia ya Thika ni ile ya jamaa wa buluu.

Ngoja nieleze.

Reli ilifika Thika kutoka Nairobi mwaka 1913. Kwenye makaratasi iliitwa tramu, si reli, ili iwe rahisi kupitishwa London. Mwaka uliofuata vita vikaanza, Waingereza upande huu, Wajerumani upande wa pili wa mpaka, huko ambako sasa ni Tanzania bara. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kushinda. Alitaka kukimbizwa. Alikimbizwa miaka minne, akapita Msumbiji, akaja kujisalimisha Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya.

Jeshi linalokimbiza linahitaji chakula, risasi na dawa. Barabara hakuna. Ng'ombe, punda na farasi wanauawa na mbung'o. Mnyama pekee aliyebaki wa kubeba mzigo alikuwa binadamu. Hivyo ndivyo Carrier Corps ilivyozaliwa, na ndivyo neno Kariokor lilivyoingia midomoni mwetu. Ukiwa Nairobi ukinunua kiondo pale Kariokor, au ukiwa Dar ukipigiwa kelele na machinga wa Kariakoo, unatamka jina la kikosi cha wapagazi. Mtaa ni kaburi lenye soko juu yake.

Mwanzoni walitafutwa wa kujitolea. Walipokwisha, machifu waliamriwa kutoa watu. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuandikisha wanaume kwa wingi, na mikoa yote iliyokuwa na watu wengi, Ukikuyu, Ukambani, Nyanza, ilikamuliwa. Vijana kutoka vilima hivi vya juu ya Thika na Ruiru, waliozoea baridi na kunde na viazi, waliteremshwa kwenye joto la Rufiji wakala unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 40,000. Wanahistoria waliochimba zaidi wanasema ilikaribia au kupita 100,000.

Nilisoma historia chuoni kabla sijaacha, na Kariokor ilipata nusu ya kipindi, katikati ya mada mbili kubwa. Nusu kipindi kwa watu laki moja.

Sasa hapa ndipo Rogue anaponirudia kichwani. Mpagazi alikuwa na namba. Jeshi halikumjua kama mwana wa fulani kutoka kijiji fulani. Lilimjua kwa namba na kwa mzigo. Vita vilipoisha, serikali ya kikoloni ilikuwa imejifunza kitu: inawezekana kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika. Sheria ya usajili ilikuwa imepitishwa tangu 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu kuanzia 1919. Ndiyo kipande. Kila mwanamume wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukitoroka shamba la kahawa Ruiru au la katani Thika, kikebe kinakusema.

Chipu ya Nu-Earth na kikebe cha shingoni ni wazo moja: kuna kitu kidogo kinachokuwakilisha, na hicho kitu si chako. Harry Thuku aliongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922. Umati uliokwenda kumdai mbele ya kituo cha polisi Nairobi ulipigwa risasi, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakejeli wanaume kwa woga wao, akawa mmoja wa waliouawa. Upande wa pili, wanajeshi Wazungu waliorudi kutoka vita hivyohivyo waligawiwa mashamba chini ya mpango wa 1919. Waliobeba mizigo yao walipewa kikebe.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, panda mlima Ol Donyo Sabuk, hapo mbele ya Thika. Kwenye mteremko kuna kaburi la William Northrup McMillan, bwana wa Juja aliyepigana vita hivyo na kupewa cheo cha Sir. Alifia Ulaya mwaka 1925 na akaletwa kuzikwa huku, mahali alipopapenda. Kaburi lina jina na lina njia ya kulifikia. Watu hupiga selfi hapo. Sina shida na mzee kulala mlimani. Shida yangu ni kwamba kutoka hapo juu unaona mbali sana, unaona mashamba na miji na moshi wa viwanda, na hakuna hata jiwe moja lenye jina la kijana aliyetoka kwenye hivyo vilima akafia Rufiji.

Nairobi kuna sanamu. Ziko kwenye barabara ya Kenyatta, wanaume watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi yaliyo chini, kwa lugha kadhaa Kiswahili ikiwemo, yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama pale mara nyingi. Nimezunguka nyuma. Hakuna jina hata moja.

Hii si lawama ya kijana mwenye hasira tu. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Sababu iliyokuwa ikitolewa na maofisa wa miaka ya ishirini ni kwamba Mwafrika hangeelewa maana ya kaburi lenye jina.

Vita vya Pili viliwakuta watoto wao. Safari hii wengi walipewa bunduki, wakaenda Ethiopia, Madagaska, Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika mbili hivi. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, mamia yao wakiwa vijana wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Waruhiu Itote alirudi salama kutoka Burma, akaingia msituni na kuwa Jenerali China. Halafu Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Halafu kuanzia 1954 watu wa hapa kwetu wakasukumwa kwenye vijiji vyenye handaki na miiba, Wakikuyu zaidi ya milioni moja. Uingereza ilikuja kulipa pauni milioni 19.9 mwaka 2013, kwa walalamishi 5,228. Wengi walikuwa wameshakufa.

Sasa jiulize: haya yote yalichorwa wapi?

Gazeti la Baraza lilianzishwa 1939, vita vilipoanza, ili Waafrika wasome habari za vita kwa Kiswahili, na kwa mtazamo uliotakiwa. Baadaye katuni zetu za magazeti zilichagua kucheka. Juha Kalulu wa Edward Gitau alituchekesha kwenye Taifa Leo kwa miongo. Jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, kuanzia 1973, lilimcheka mtu wa mjini anayehangaika na pesa. Shujaaz ilikuja 2010 na Sheng yetu na Boyie na redio yake ya siri. Naheshimu wote hao. Kicheko ni kinga. Nchi iliyotoka vijijini vya miiba ilihitaji kucheka kabla ya kufanya chochote. Lakini ukicheka miaka sitini, unaanza kusahau ulichokuwa ukikinga.

Waliothubutu kwenda kwenye bunilizi ya kisayansi ni wachache, na wote walikuwa na kidonda. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi ya Walenisi, riwaya ya 1995. Tamka hilo jina polepole: wale ni sisi. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya Kenya iliyobaki baada ya vita vya maji, ambapo watu wanakunywa jasho lao lililochujwa. Sisi wa Thika na Ruiru tunapaswa kuielewa vizuri hiyo, kwa sababu maji ya Nairobi yanapita kwetu. Bwawa la Ndakaini kule juu ni la mto Thika. Bwawa la Ruiru lina jina letu. Bomba linapita ploti ambayo mama ananunua maji kwa mtungi.

Mbona sayansi ya kubuni, basi? Kwa nini usiandike tu ukweli? Nafikiri ni kwa sababu ukweli wetu umefanyiwa mambo. Faili zilichomwa, nyingine zikafichwa Uingereza hadi 2011. Shahidi wa mwisho wa Kariokor alikufa zamani. Mwanahistoria akifika kwenye ukurasa mtupu lazima asimame. Mchoraji wa katuni anaweza kuchukua ule utupu na kuuwekea helmeti.

Na pia kwa sababu vita havijaisha. Toka Ruiru ukielekea Nairobi, utapita Kahawa. Kambi ilijengwa na Waingereza. Sehemu yake iligeuzwa chuo mwaka 1965, sehemu nyingine bado ni ya jeshi. Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa na al-Shabaab. Hadi leo serikali haijatangaza rasmi idadi ya waliokufa. Tumetoka kwenye namba bila majina, tukafika mahali ambapo hata namba hatupewi.

Kwenye ploti yetu Ruiru anaishi mama mmoja ambaye mume wake hakurudi kutoka Somalia. Ana simu ya zamani, kioo kimepasuka, betri inakaa saa moja. Haibadilishi. Ndani yake kuna jumbe za sauti za WhatsApp: mume akiuliza kama mtoto amekula, mume akicheka kuhusu joto, mume akiimba vibaya kwa makusudi. Siku moja nilimwambia, "Mama, nipe nikuwekee kwenye flashi, zisipotee." Akanikatalia kwanza. Akasema, "Hii simu ikiharibika, ndiyo siku atakuwa amekufa." Ilichukua wiki mbili kabla hajanipa. Nilizinakili zote, moja moja, bila kusikiliza zaidi ya sekunde ya kwanza ya kila moja kuhakikisha inafunguka. Nilihisi nina sekunde 60.

Sikumweleza kuhusu Gunnar na Helm na Bagman. Hangehitaji. Anaijua hiyo katuni kuliko Finley-Day.

Mimi na mchoraji mmoja wa Makongeni tumekuwa tukitengeneza katuni yetu tangu mwaka jana. Thika ya mwaka 2117, miaka mia mbili baada ya uandikishaji wa Ainsworth. Vita viko mahali fulani mbali, kama kawaida. Vinachofanya hapa ni kuchukua watu. Mwanzoni yeye alitaka roboti na milipuko, na ana mkono mzuri wa milipuko. Mimi nilitaka mama anayengoja. Tulibishana sana, chai juu ya chai. Mwishowe tulikubaliana kwamba milipuko itasikika tu, haitaonekana, na kila kisanduku kitabaki nyumbani: jikoni, shambani, steji ya matatu, foleni ya maji. Askari mwenyewe atakuja kama mzigo. Begi linaloletwa mlangoni, na begi linaongea.

Tulichokwama nacho ni majina. Begi lazima liwe na jina, na sisi wawili hatukutaka kumbunia mpagazi jina, maana ameshanyang'anywa moja. Nilipomuuliza shosho wangu, aliniuliza swali badala ya kunijibu: mimi nimeitwa jina la nani? Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, wanaofuata hupewa majina ya wajomba na baba wadogo na wakubwa. Kwa hivyo hata kijana aliyekufa Rufiji bila mke wala mtoto, ndugu zake waliobaki walikuwa na njia ya kumrudisha. Walimpa mtoto jina lake. Huyo mtoto akazeeka, akapewa mjukuu. Jina likaendelea kuhama mwili hadi mwili, bila ruhusa ya jeshi lolote.

Kwa hivyo sanamu ya Nairobi ilisema kweli kidogo, ingawa waliotengeneza hawakujua jinsi gani. Majina hayakuandikwa kwenye shaba. Yako kwenye vitambulisho vyetu, yako kwenye orodha za chama na mashindano ya mpira Kiganjo, na wengi wetu tunayavaa bila kujua yalitoka kwa nani.

Kama una shosho au guka ambaye bado yuko, mpigie simu wikendi hii. Usimuulize kuhusu vita, atanyamaza. Muulize jina lako lilitoka kwa nani, na huyo naye alilipata kwa nani, na ambaye hakurudi alikwenda wapi. Rekodi kwa simu. Halafu nakili mahali pengine pia.